Setilaiti Iliyongoja Barua ya Boito

Alhamisi hiyo ya mwaka wa 1996 nilifika Boito, huko Konoin kwenye mashamba ya chai, nikiwa na kisanduku cha plastiki, tai nyekundu, na siku moja tu iliyobaki. Kabla ya Ijumaa jioni nilitakiwa niwe na barua yenye mhuri wa kiwanda kikubwa cha chai. Nikiikosa, kampuni yetu ya setilaiti ingepeleka stesheni yake ya kupokea mawimbi nchi nyingine, ofisi ya Nairobi ingefungwa, na mimi, Phelix Ogeto, ningerudi kuchuma chai niliyoapa mbele ya ukoo mzima kwamba sitaichuma tena.

Kisanduku kilikuwa cha kufungwa ndani ya lori. Dereva akikwama matopeni angebonyeza vitufe, ujumbe upande hadi kwenye setilaiti, ushuke kiwandani, na lori jingine litumwe kabla majani hayajaharibika. Kiwanda hicho kilikuwa na malori arobaini. Upande wetu wote hapakuwa na mteja mkubwa kumshinda huyo.

Meneja, Bwana Kipkemoi, alikigeuzageuza kisanduku mbele ya wakurugenzi sita kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Na hiyo setilaiti yenyewe iko wapi sasa?"

"Iko Amerika, mzee. Inamaliziwa."

"Iko chini?"

"Kwa sasa, iko chini."

Wakurugenzi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye suruali.

"Kijana, umetoka Nairobi kutuuzia nyota ambayo haijapanda juu!" Kipkemoi alisema. "Enda uirushe kwanza. Ikishafika, na wengine wakishanunua, rudi tuongee."

"Lakini bila nyinyi haiwezi kupanda!"

"Kwani sisi ndio petroli?"

Wakacheka tena. Damu ikanichemka. Bosi wangu, Sellah, alikuwa amenionya kwamba mteja hatukanwi, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Basi endeleeni kumwaga majani kando ya barabara! Mitaro ya Konoin inakunywa chai kuliko Waingereza!"

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, nikijua nimejimaliza.

"Keti," ilisema sauti kutoka kiti cha karibu na dirisha. Ilikuwa ya Mama Rodah Chemutai, mwenyekiti wa wakulima, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja. "Una mdomo wa pilipili. Sasa nieleze bila hasira. Hao watu wako wanataka pesa yetu?"

"Hapana, mama. Wanataka barua tu. Kampuni ni changa. Setilaiti wameweza kuiunda, lakini roketi ni ya kukodi, na benki haitoi mkopo mpaka ione mteja mkubwa anangoja. Barua ikisema malori arobaini kwa miaka mitano, benki itaamini."

Mama Rodah akamgeukia meneja. "Kipkemoi, chai na hii kiwanda, gani ilitangulia?"

"Chai, mama."

"Mimi nilipanda miche elfu mbili na kiwanda haikuwa hata kwa ndoto. Mama mkwe akasema nimeharibu shamba la wimbi. Wale wa kujenga wakasema, tuonyesheni majani yatatoka wapi. Tukaandikisha majina, ekari kwa ekari. Hiyo karatasi ndiyo ilileta mashine. Leo kijana anatafuta watu wa kuandika majina, nyinyi mnacheka!"

Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Na wewe usifurahi haraka. Mtu wa kwanza ndiye anachekwa na mama mkwe, lazima apate kitu. Tutalipa nusu ya bei ya wale watakuja nyuma yetu. Stesheni mtajenga hapa jirani, Kericho. Na ikifika Desemba ya mwaka ujao setilaiti haijaruka, barua imekufa. Sawa?"

Sikuwa na ruhusa ya kukubali hata sharti moja. Nikaomba simu niulize Nairobi. Kipkemoi akainua mkonga wa simu, akasikiliza, akaurudisha polepole.

"Imekufa tangu Jumatatu. Mvua." Halafu akasikia maneno yake mwenyewe, akatazama kisanduku, akaanza kucheka kuliko wote. "Haya, haya! Leteni mhuri."

Barua ikaandikwa na masharti yote, ikapigwa mhuri, nami nikatia sahihi, mimi kijana wa mshahara mdogo, kwa niaba ya kampuni nzima.

Ijumaa, ofisini Nairobi, Sellah aliisoma barua amesimama. "Nusu bei kwa miaka mitano? Ogeto, wewe ni muuzaji wetu ama wao?"

"Tuma tu, dada."

Akaituma kwa faksi hadi makao makuu Amerika huku akininunia. Jibu lilirudi saa kumi na moja jioni: masharti yote yamekubaliwa. Sellah alipiga kelele hadi askari wa mlangoni akaja mbio na rungu.

Wiki tatu baadaye benki ilitoa mkopo. Shamba la maua la Naivasha likajiunga, kisha viwanda viwili vya chai, vyote kwa bei kamili. Kampuni ikataka picha ya mteja wake wa kwanza, nami nikarudi Boito na kamera ya kuazima. Mama Rodah alivaa koti lake la kanisani, akasimama kifua mbele katikati ya chai. Kipkemoi akaja mbio akifunga tai, akajipenyeza kando yake.

"Rudi nyuma kidogo," Mama Rodah akamwambia bila kugeuka. "Wewe ulichelewa."