Daraja la Wiki Ile

Nilimwona mama mkwe wa dada yangu kabla sijamwona dada mwenyewe. Bibi alikuwa amekaa ndani ya toroli la kubebea zege, kitenge kimefunika miguu yake iliyovimba, akija upande wetu wa daraja. Dada alisukuma kwa nyuma, kichwa amekiinamisha kama anayepambana na upepo. Mimi nami nilikuwa naenda kwao, mtoto mgongoni, kaka yake nimemshika mkono, begi kichwani.

"Unakwenda wapi?" niliuliza. Hata salamu sikuikumbuka.

"Nakuja kwako," alisema. Kisha akaliona begi. "Wewe je?"

Alikwisha kuelewa.

Tangu dada aolewe ng'ambo ya mto, nchi jirani, chaguzi zilitupitia kwa zamu. Kwao walipiga kura mwaka mmoja, kwetu mwaka mwingine, na nyumba zetu mbili zikazoea. Kukichafuka kwao, natandika godoro sebuleni. Kukichafuka kwetu, dada anaongeza maji kwenye mchuzi. Lilikuwa jambo la kutaniana. "Serikali zinatujali," alikuwa akisema, "bila hivyo usingekanyaga kwangu."

Mwaka ule bunge la kwao lilivunjwa kabla ya wakati, uchaguzi wa rais ukaharakishwa. Kwetu uchaguzi wa madiwani, ulioahirishwa mpaka watu wakausahau, ukaangukia wiki ileile. Sikutia maanani. Nani atamwaga damu kwa ajili ya mitaro na taka?

Lakini mume wangu, fundi baiskeli, alikuwa mgombea. Asubuhi ile mawe yalianza kugonga bati letu. Jirani aliyezoea kuniazima pasi alisimama uani kwake, mikono kifuani, akitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Chukua watoto uende kwa shemeji," mume wangu alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nikiondoka leo, mtaa huu sirudi tena."

Askari wa kizuizi cha upande wetu wa daraja alinionya kwamba nikivuka sirudi mpaka matokeo yatangazwe. Nikasema sawa. Nilikuwa na haraka ya kufika kwa dada.

Na sasa dada alikuwa mbele yangu, akitweta. Huko kwao vijana walikuwa wakipita mlango kwa mlango, wakiuliza nani mwenyeji na nani mgeni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mama mkwe ndiye aliyesema waondoke. Mwenyeji wa kuzaliwa, ambaye asingeguswa na mtu, alikataa kubaki nyuma ya mkwewe.

Nilirudi mbio kizuizini. Chuma kilikuwa kimeshashuka.

"Fungua, kaka yangu. Hawa ndio niliokuwa nawakimbilia!"

"Amri imekuja, mama."

"Basi wapokee watoto tu."

Akatazama pembeni. Niligeuka, nikaona kizuizi cha ng'ambo nacho kinashushwa. Nyuma yake moshi mweusi wa matairi ulikuwa unapanda. Mwanangu mkubwa akauliza tunalala wapi.

Bibi aligonga reli ya daraja kwa pete yake. "Hapa katikati ni kwenu au kwetu?"

"Si kwa mtu, mama," dada alisema.

"Basi nishusheni. Nimechoka kuwa zege."

Tulicheka, kicheko kilichotuumiza mbavu, na tukiwa bado tunacheka kundi likatokea ng'ambo na kuanza kutikisa kizuizi. Walikuwa wakiimba. Kati ya maneno ya wimbo nilisikia jina la kabila letu. Jiwe la kwanza lilianguka mtoni. La pili liligonga toroli, likalia kama kengele. Dada aliwalaza wanangu chini na kuwafunika kwa mwili wake. Mimi nikamkumbatia bibi, nikasikia moyo wake ukienda mbio chini ya mkono wangu.

Ndipo nikasikia viatu. Askari wetu, yule wa amri, aliinama akapita chini ya chuma chake. Alivuka mstari ambao hakuruhusiwa kuuvuka, akasimama mbele yetu, mgongo kwetu, bunduki imeelekea chini. Jasho lilimchora ramani shatini. Baada ya muda mrefu, askari mmoja wa ng'ambo naye akatoka, akasimama kuwakabili watu wake. Wimbo ukalegea, ukageuka matusi, matusi yakaisha.

Tulikaa pale mpaka matokeo yalipotoka, tukila mikate ya askari. Mume wangu alikuja kutuchukua mkono ukiwa umefungwa shingoni.

"Nimeshindwa," alisema.

Sijawahi kupokea habari njema kama ile.

Nilimsihi dada twende wote. Alikataa. "Mume wangu akirudi, atanitafuta huko." Akamwinua bibi, akashika mikono ya toroli. Sikuondoka mpaka walipofika ng'ambo.

Yule askari alihamishwa. Sikupata kujua jina lake.

Kwa miaka mingi zamu zilirudi kama zamani. Jana dada alipiga simu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, za miguu ya bibi. Kisha akasema, "Umesikia tarehe za uchaguzi wa kwenu?"

"Nimesikia."

"Na za kwetu?"

"Nazo nimesikia. Ni wiki ileile."

Hakuna aliyekata simu. Kila mmoja alikuwa akiisikiliza redio ya mwenzake.