Birika Lisiloonyesha Ndani

Tangu mumewe Vital azikwe, Gentille alikuwa akiionja kahawa yake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa desturi ya nyumba ile, na ya nyumba nyingi za jirani pale Bigo, mtaa wa Bunia: anayemimina hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni apokee kikombe na roho yake imetulia. Hilo halimuumizi mtu. Ni adabu, kama kuvua viatu mlangoni. Mara ya pili ilikuwa ya Suzanne, dada wa marehemu. Akipewa kikombe chake, alikisukuma nyuma na kudai kile cha Gentille, kile ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kukitia mdomoni. Na hicho pia hakukinywa. Alikiacha kipoe mezani mpaka inzi waingie, halafu akafungua kikapu chake, akatoa termosi aliyokuja nayo kutoka kwake Nyakasanza, akajimiminia chai huku akimtazama wifi yake machoni.

Vital alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mahagi. Asubuhi moja alimpelekea mama yake chumbani kahawa aliyoipika Gentille, kama kawaida yake, akanywa na yeye, akafunga viatu, akaanguka kabla hajafika getini. Hospitalini walisema ni tension, shinikizo la damu, mshipa umepasuka kichwani. Daktari alikuwa mtu mwema. Alikaa na familia kwenye benchi ya nje, akaeleza polepole, akarudia tena kwa ajili ya wale waliokuwa wakilia. Katika maneno yake yote Suzanne alirudi na neno moja tu, nalo hata halikuwa la daktari: kahawa.

Sasa matanga yangeondolewa Jumamosi. Siku hiyo baba mdogo Adolphe, mkubwa wa ukoo aliyebaki, angekata neno: ama Gentille abaki kwenye parsele ile, kiwanja na nyumba ya marehemu, na watoto wake wawili, ama arudi kwa baba yake Mahagi peke yake, watoto wachukuliwe na Suzanne. Suzanne alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitayarisha neno hilo. Na alipoulizwa ushahidi, hakutaja daktari wala mshipa. Alisema hivi: hata mama mwenyewe hanywi tena kahawa ya ule mwanamuke.

Na ilikuwa kweli. Mama Joséphine, ambaye zamani hakuweza kusema hata sala ya asubuhi kabla ya kikombe chake, hakuwa amegusa kahawa tangu siku ya mazishi. Gentille alimpelekea kila siku. Kila siku mama mkwe alisema, "Asante, mwanangu, weka pale," na kikombe kikatoka chumbani kimejaa na kimepoa. Gentille hakuthubutu kumuuliza sababu. Mtu haulizi swali ambalo jibu lake linaweza kumfukuza nyumbani.

Mambo yakiwa hivyo, Orly, mdogo wa Vital aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alituma ujumbe. Wageni wa matanga watakuwa wengi, alisema, na mama amezeeka. Atafutiwe chombo kizuri cha kupikia kahawa, cha kutumika kila siku, si cha kupamba kabati. Alikuwa amekwisha kuelewana na Abdoul, muuza vyombo wa mjini. Wao waende tu wachague.

Suzanne alifika Alhamisi asubuhi na pikipiki mbili za kukodi, moja yake na moja ya mama. Akamwambia Gentille abaki aangalie nyumba, kama kweli angali anaiita nyumba. Mama Joséphine alikuwa akifunga kitambaa chake cheusi kichwani. Hakugeuka. Alisema tu kwamba anayewasha moto ndiye anayejua sufuria, na kwamba Gentille atapanda nyuma yake.

Duka la Abdoul lilikuwa na vumbi la barabara mlangoni na mng'aro mtupu ndani. Alipomwona mama mwenye kitambaa cheusi, Abdoul hakuanza na biashara. Alimpa pole, akaleta kiti kutoka nyuma, akakifuta kwa mkono wa shati lake mwenyewe kabla ya kumkaribisha akae. Kisha akauliza ni kahawa ya namna gani wanayokunywa nyumbani. Gentille alijibu kwamba ni ya Mahagi, ya shamba la baba yake, anaikaanga mwenyewe.

"Ya baba yake," Suzanne akadakia. "Tunaijua sana ile kahawa."

Abdoul akatazama chini.

Suzanne hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine nyeusi ya umeme, ile inayotumia vidonge vya kahawa vilivyofungwa kimoja kimoja. Akaipiga piga mgongo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Tutatwaa hii. Kahawa inatoka fabrike, imefungwa vizuri na mashini. Hakuna mukono ya mutu inaingia mule."

Abdoul angeweza kunyamaza na kuuza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei kubwa. Lakini alieleza kwamba vidonge vyake havipatikani Bunia, vinakuja na wasafiri vikija, na bila umeme mashine hiyo ni jiwe. Gentille naye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kwao umeme unakuja unapotaka, na mara nyingi asubuhi hautaki.

"Umeme haukuhangaishe," Suzanne akamjibu. "Weye unapenda moshi. Mu moshi batu habaone."

Ilikuwapo nyingine ya umeme, ya kuchuja kwa karatasi, lakini nayo ilikuwa na ugonjwa uleule wa waya. Abdoul akaiweka kando, akashusha chombo cha kioo chenye kifuniko na fimbo ya kusukumia chini. Unatia kahawa, alisema, unamimina maji ya moto, unangoja, unasukuma; inafaa hata kwa chai ya majani. Haiombi umeme. Ubaya wake ni mmoja, mtoto akiigonga, kwaheri.

Gentille akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Maji yangeonekana. Unga wa kahawa ungeonekana ukipanda na kushuka. Hakuna ambaye angeweza kusema lolote tena.

"Mama, tuchukue hii," alisema. "Kila mutu ataona. Mutaangalia mukono yangu kutoka mwanzo mupaka mwisho."

Suzanne alicheka, cheko fupi la puani. "Munasikia? Mutu asiye na kitu ya kuficha hatafutake dirisha. Eti kioo! Mama, uangalie: hata ukiweka kioo, weye hautakunywa. Batu bote banajua hunywake kahawa yake. Nilisemea baba mudogo, nilisemea kanisa muzima."

Mama Joséphine alikuwa amepokea chombo cha kioo, akikizungusha mikononi. Pale akasimamisha mikono. Alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Kisha akakiweka kioo juu ya meza polepole, kisije kikalia, akanyoosha kidole kwenye rafu ya chini.

"Ile ya chuma ni ya nini?"

Lilikuwa birika la rangi ya majivu, lenye kiuno chembamba, la ukubwa wa kutosha familia. Abdoul alilifungua. Maji yanakaa chini, alionyesha, kahawa katikati. Moto ukipanda, maji yanapanda yenyewe, yanapita ndani ya kahawa, yanatokea juu. Yanatoka mazito, mwenye wageni wengi anaongeza maji ya moto ndani ya termosi.

"Na ndani haionekane?"

"Haionekane, mama. Unasikia tu. Inaguna kama muzee anataka kusema neno, kisha harufu inatoka."

"Inakaa juu ya moto ya makala?"

"Makala, gesi, resho ya umeme. Hata kuni."

"Basi ni ile."

Suzanne alisema kwamba ndani ya kitu kilichofungwa namna ile mtu anaweza kutia chochote. Mama yake akajibu kwamba amesikia. Abdoul alifunga birika ndani ya magazeti, tabaka juu ya tabaka, kwa uangalifu wa mtu anayefunga mtoto.

Njiani kurudi, Gentille alishika kiuno cha mama mkwe wake juu ya pikipiki na hakuweza kumuuliza kitu. Walipofika getini, Suzanne alimsogelea karibu, akamweleza kwa utulivu ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mama amechagua la wageni, alisema. Hakujali linaonyesha nini, kwa sababu yeye hatalinywea kamwe. "Ufunge nguo zako," akamalizia. "Za batoto uache."

Hilo ndilo lililomwingia Gentille na kukaa. Ijumaa aliwasha mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba ili alijue birika lile kabla ya watu kuja. Lilimshinda. Tako lake dogo lilizama kati ya vyuma vya mbabula, likaanguka upande, maji yakazima makaa. Alipolisimamisha tena, moto ulikuwa mkali mno na kahawa ikatoka chungu, yenye harufu ya kuungua. Aliinywa peke yake amechuchumaa, yote, asiitupe kahawa ya baba yake.

Pétronille, jirani wa upande wa pili wa ukuta, alikuwa hajamsalimia tangu maneno ya Suzanne yapite kwake. Mkono wake ukatokea juu ya tofali ukiwa na kipande cha bati nene, bapa, kilichokatwa vizuri. "Uweke hii juu ya mbabula, ikae sawasawa," sauti ilisema, na mkono ukapotea. Gentille alikishika kile kibati kifuani mwake kwa muda kabla ya kukitumia.

Jumamosi watu walijaa. Sala zikasaliwa, vitambaa vyeusi vikavuliwa, na baada ya chakula wale wa ukoo wakaingia sebuleni na kufunga mlango. Gentille alikaa kwenye mkeka karibu na kizingiti. Suzanne ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa muda mrefu. Alianza na utoto wa kaka yake, akamwaga machozi ya kweli, kwa maana alimpenda kweli. Kisha akaja kwenye asubuhi ile, kwenye kikombe kile, na mwisho kwenye shahidi wake mkubwa. Baadhi ya wazee walikuwa wakitikisa vichwa. Hakuna aliyemtazama mwanamke wa kwenye mkeka.

Baba mdogo Adolphe alisubiri mpaka akamaliza. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Vital," alisema, "mi nitauliza neno moja tu. Unakunywa kwa mukono ya huyu mwanamuke, ao hunywe?"

Mama Joséphine alimgeukia Gentille, akamwambia alete kahawa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Gentille alikwenda nyuma, akaweka birika juu ya kibati cha Pétronille, na ndani ya sebule wote wakangoja kitu ambacho hakuna aliyekiona kikipikwa. Birika liliguna. Harufu ikapita dirishani. Alirudi nalo kwenye sinia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamimina kwanza funda la kuonja katika kikombe kidogo, kama desturi. Alipokinyanyua kuelekea mdomoni, Mama Joséphine alikitoa katikati ya vidole vyake.

Akanywa. Hakuna mtu aliyekuwa ameionja kabla yake.

Suzanne alisimama. "Mama!"

"Ikaa."

Mama Joséphine aliweka kikombe juu ya goti lake. Alisema bila haraka, akimtazama shemeji yake Adolphe.

"Kahawa ya asubuhi alikuwa naniletea Vital. Kila siku, viatu mu mukono asiniamushe vibaya. Siku alikufa nilisema sitakunywa tena mupaka matanga iishe. Ile ilikuwa yangu na mutoto wangu. Hakuna mutu aliniuliza. Bote mulinyamaza, kumbe muko nasema inje." Kisha akamgeukia binti yake. "Na weye ulichukua kilio yangu, ukaifanya ushahidi."

Gentille alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia sinia.

"Siku ile kwa Abdoul, Gentille alitaka kununua kioo," mama akaendelea, "ili tumuchunge kama mwizi. Mi nilikataa. Mutu wa nyumba yangu hapikiake mu kioo."

Adolphe alijikuna kidevu, akasema basi, imeisha, Gentille atabaki na watoto wake, na asiyeridhika aje kwake nyumbani, si hapa. Akanyoosha mkono apewe na yeye. Vikombe vikapita. Wengine walipokea upesi, wengine kwa aibu. Mzee mmoja alingoja aone wenzake wamemeza.

Suzanne hakupokea. Gentille alimwekea chake mezani, mahali pale pa siku zote. Suzanne akakitazama, akachukua kikapu chake chenye termosi, na mlangoni akasema, "Mukikufa, musiniite kulia."

"Kikombe yako iko," mama yake alimjibu.

Geti likapigwa kwa nguvu. Baada ya muda Gentille aliinuka aondoe kile kikombe kilichoanza kupoa. Mama Joséphine akamshika upindo wa nguo, akamwambia akiache kwanza. Akasukuma mbele kikombe chake mwenyewe amiminiwe mara ya pili, akanywa, akakunja uso.

"Imeungua kidogo," alisema. "Kesho upunguze makala."