Harufu ya Rubisi

Joviness alisomea uuguzi miaka mitatu, akajitolea kwenye kituo cha afya miaka minne akingoja ajira ya serikali, na ajira ilipokataa kuja akawa nesi wa bustani ya michezo iliyofunguliwa Kihanga. Chumba chake kilikuwa nyuma ya vyoo vya wageni. Kutwa nzima alisafisha magoti yaliyochubuka na kuwanywesha maji watoto waliotapika baada ya kuzungushwa. Dawa zikiisha aliambiwa asubiri, na kusubiri alishakuzoea.

Jumatatu ya Pasaka, mzee Cleophace, mwendeshaji wa bembea la kuzunguka, aliingia ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba kuku aliyechinjwa. Vidole viwili havikuwepo.

"Mnyororo umenila, mwanangu."

"Baba, hukuizima mashine?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Meneja alisema nipake grisi hivyohivyo, inazunguka."

Kifuniko cha mnyororo ule kilikuwa kimevunjika tangu Krismasi. Joviness alikwisha kuliandika jambo hilo mara mbili kwenye daftari lake. Alimfunga mzee kwa nguvu mpaka damu ikapungua, wakampakia garini kwenda hospitali.

Gari halijapotea machoni, meneja Rogasian akaingia na fomu ya ajali.

"Andika alikuja kazini amelewa."

"Mzee Cleophace? Yule ni mzee wa kanisa, bosi. Pombe ya rubisi hata kuonja hajawahi."

"Leo ameonja. Wakaguzi wakikikuta kile kifuniko, tunafungiwa wote, wewe, mimi na hao wengine thelathini. Au una ajira mahali?"

Joviness hakuwa nayo. Alishika kalamu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: *Ananuka rubisi. Hatembei sawasawa.* Akatia sahihi.

Mzee aliporudi kutoka hospitali, kazi hana. Joviness akawa anapita kwao kila baada ya siku moja kumbadilishia bandeji. Mkewe, Anatolia, hakumwacha aondoke bila kula. Alimpakulia ndizi za maharage, akamwombea baraka kwa Kinyambo, na Joviness akala macho yakiwa kwenye sahani.

Wiki ya tatu Anatolia alimfuata bustanini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha wagonjwa, mkoba mapajani.

"Wamemvua uzee wa kanisa. Meza ya Bwana haruhusiwi kuikaribia. Wanasema kuna karatasi ya kazini inayosema alikuwa amelewa. Nesi, wewe ndiye uliyemfunga, mdomo wake ulikuwa hapa, karibu na pua yako. Njoo Jumapili uwaambie wazee hakunuka kitu."

"Mama," Joviness alisema. "Karatasi hiyo niliandika mimi."

Anatolia aliinuka, akautundika mkoba begani. Nje, watoto walikuwa wakipiga kelele za raha.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kuja," alisema. "Aliyefunga ndiye afungue."

Joviness aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Jumamosi Rogasian aliwakusanya wafanyakazi. Kesho yake yangekuja mabasi ya shule tatu kutoka Bugomora. "Asiyefika kesho, asifike tena," alisema, akaenda zake.

Jumapili asubuhi Joviness alivaa gauni la kanisani, sare akaikunja ndani ya mkoba. Alipofika njia panda alisimama. Kengele ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Waumini walimpita wakimsalimu, naye akawaitikia, mpaka barabara ikabaki tupu. Ndipo akashika njia ya bustanini, huku akijiambia ataenda Jumapili ijayo, na huku akijua Jumapili ijayo nayo itakuwa na mabasi yake.

Siku hiyo alifunga magoti kumi na moja. Mwalimu mmoja aliyekuja kuomba dawa ya kichwa alimwambia ana bahati kufanya kazi mahali penye furaha. Joviness akamshukuru.

Jumatatu alikwenda kubadilisha bandeji. Mzee Cleophace alikuwa amekaa nje, kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamnyooshea mkono bila kuambiwa.

"Mama yupo?"

"Yupo jikoni."

Anatolia hakutoka. Moshi wa jikoni ulipita juu ya migomba, na hakuna aliyemkaribisha chakula.

"Tulikungoja mpaka ibada ikaisha," alisema mzee taratibu, bila ukali wowote. "Mchungaji akasema labda umepata mgonjwa."

Joviness aliuinamia mkono. Alikisafisha kidonda polepole kuliko ilivyohitajika. Nyama mpya ilikuwa imeota vizuri, safi, haina usaha. Zilibaki bandeji mbili, labda tatu, na baada ya hapo asingekuwa tena na sababu ya kufika nyumbani kwa watu wale.

"Asante, mwanangu," alisema mzee Cleophace.