Sare ya Siku ya Kura

Mzee Alexis aliijua historia ya kura za wadi yake kwa vitambaa. Watu wengine husimulia uchaguzi kwa majina na tarakimu. Yeye alikumbuka aliyeshinda kwa kukumbuka alichomshonea. Duka lake lilikuwa Turffontein, Johannesburg, mtaa mmoja nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na karibu kila aliyewahi kuutaka udiwani wa pale alipita mlangoni kwake, kwa kuwa mzee alikuwa mwepesi wa mkono na hakumuuliza mtu chama chake.

Mteja akiketi kusubiri suruali ipindwe, mzee huanza. Mwanzo, husema, palikuwa na Mreno mwenye duka la samaki, mgombea binafsi, aliyetaka bendera nyeupe yenye jogoo. Watu wa mitaa ya juu walimpenda kwa sababu alijua majina ya watoto wao, hata ya mbwa wao. Kisha Wareno wakazeeka, watoto wao wakahamia kaskazini, nyumba zikakatwa vyumba vyumba, na wapangaji wakawazidi wenye nyumba. Hapo chama cha zambarau kikaagiza vitambaa vya meza, na mzee akajua kabla ya magazeti kwamba jogoo amewika mara ya mwisho. Baadaye wachora mipaka wakaichora wadi upya, wakaiongezea maghorofa ya upande wa Rosettenville, na chama cha machungwa, ambacho zamani kilikuwa kama mgeni asiyealikwa, kikachukua kiti na kukikalia. Fulana za machungwa zilikuwa nyingi mno hata akaziota.

"Papa Arlène," rafiki yake Pitchou alizoea kumwambia, "umewavika wote, na wote wametuacha uchi."

Papa Arlène ndilo jina aliloitwa na Wakongomani wenzake, kwa binti yake wa kwanza. Pitchou alikuwa mlinzi wa duka kubwa, na siku zake za mapumziko alizimalizia kwenye kiti cha wateja akimchokoza mzee.

Katika chaguzi zote hizo mzee alishona tu, hakupiga kura. Alitoka Lubumbashi akiwa mtu mzima, akaishi kwa karatasi za ukimbizi, akalinda magari mchana, na jioni akajifunza Kiingereza katika darasa la watu wazima kule Troyeville, akiwa amekaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto. Aliisoma katiba ya nchi hii yote na kamusi pembeni. Uraia ulimjia nywele zikiwa nyeupe. Siku alipojiandikisha kuwa mpiga kura alivaa suti, na afisa akamuuliza kama alikuwa anaelekea kwenye harusi.

Basi diwani wa machungwa akapandishwa cheo, akaenda kwenye bunge la jimbo, na kiti kikabaki wazi. Uchaguzi mdogo ukatangazwa. Wakazi wa mitaa mitano sita wakaenda kwenye duka la dawa wakamwomba Arlène agombee bila chama.

Arlène alikuwa mfamasia. Alizaliwa Johannesburg, akasoma shule za pale pale, na Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Maji yalipokatika majira ya joto yaliyopita, ndiye aliyempigia simu kila mkubwa wa jiji hadi matangi yakaja, na ndiye aliyepanga foleni ya ndoo ili vikongwe watangulie. Alijua nani ana presha na nani ana kisukari. Watu walisema huyu ni mtoto wetu. Upande wa pili walikuwako walionong'ona kwamba baba yake ni kwerekwere, mgeni wa kuja, lakini mnong'ono ulikuwa mdogo, na Arlène aliujibu kwa kugonga milango mingi zaidi.

Jioni alipoamua, alikuja nyumbani akala ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akanawa mikono, akamgeukia baba yake.

"Papa, niko na ombi moja. Usishone kitu."

Mzee alicheka kidogo. Alidhani ni utani.

"Si bendera, si fulana, hakuna kitu," Arlène akasema. "Waone mimi tu. Tafadhali, Papa."

Mzee akakubali. Lakini neno lile lilimwingia kama sindano iliyosahauliwa kwenye upindo wa suruali: unatembea nayo, kila ukikaa inakuchoma. Alikuwa amemshonea Mreno, zambarau na machungwa, watu ambao wasingemjua barabarani. Leo damu yake inagombea, naye akae mikono kifuani?

Tena yeye alikuwa na elimu yake ya uchaguzi, ya zamani kuliko ile ya katiba. Ujanani, kwao, walipiga kura kwa kadi mbili mbele ya askari, ya kijani kumkubali Rais na nyekundu kumkataa, na hakuna aliyeigusa nyekundu. Kadi zile alizichukia maisha yake yote. Ila alikumbuka pia akina mama wakicheza barabarani wamevaa kitenge kimoja, na katika akili yake kadi na kitenge havikuwa kitu kimoja. Kitenge kilikuwa cha watu. Harusini, matangani, kwenye ubatizo, jamaa yako huvaa sare yako. Anayekuja na nguo yake mwenyewe ni mgeni aliyekuja kula. Mtu anayependwa huvaliwa. Sasa Arlène avaliwe na nani?

Majuma mawili kabla ya kura, Pitchou alitaja kwamba soko la Yeoville limeingiza vitenge vipya. Mzee akaenda "kutazama tu". Alirudi na marobota ya kitambaa cha buluu chenye ndege weupe, mabawa wazi, wanapaa.

Mkewe, Mama Jeannine, alisimama mlangoni mwa duka akayatazama yale marobota kwa muda.

"Mtoto alikukataza," alisema.

"Alikataza mambo ya siasa. Hii ni sare ya familia."

"Basi mwambie yeye hivyo."

Mzee akakanyaga cherehani. Hakumwambia. Alijisemea kwamba zawadi haitangazwi.

Alishona mashati, magauni na vilemba vya kwaya ya kanisa lao la Troyeville. Alimshonea Fauzia, Mtanzania msusi wa duka la jirani, aliyesema kwao Tanga nao wanajua sare. Alijishonea koti. Mwisho, kwa mkono wa polepole, akashona gauni la Arlène mwenyewe, la kuvaa siku ya kuapishwa, bila kumpima, maana vipimo vya mwanawe alikuwa navyo machoni. Gauni hilo alilifunika kwa nailoni akalitundika nyuma ya pazia.

Siku ya kura ilikuwa Jumatano ya baridi kali. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, na farasi wa mazoezi walipita wakitoa mvuke puani. Kituo kilikuwa ukumbi wa shule ya msingi. Foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta mzee alipofika na watu wake, nao wakajipanga ng'ambo ya barabara, mbali na geti kama sheria inavyotaka, maana sheria aliisoma. Wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Walikuwa na karatasi za hifadhi tu. Walikuja kumsindikiza mtoto. Wakasimama wote katika buluu moja, ndege wale wale vifuani na vichwani, wakaimba wimbo wa kanisani kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, sauti nne zikipandana. Ilipendeza. Mzee aliona kwamba hakuna mgombea katika historia yote ya wadi ile aliyewahi kusindikizwa vizuri hivyo.

Akaingia kwenye foleni na koti lake. Mbele yake alikuwa Gogo Thandeka, maana Wazulu humwita bibi gogo, mjane wa mtaa wa pili, mteja wake wa miaka mingi. Walisalimiana. Gogo alilitazama koti, akatazama ng'ambo ya barabara, akafunga vizuri shali yake. Mzee alidhani ni baridi.

Ndani, walimpaka wino kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto. Aliingia kwenye kibanda cha kadibodi, akaliona jina la binti yake limechapwa, na jina la ukoo lililoandikwa nalo lilikuwa la baba yake mzazi, fundi wa reli aliyezikwa Lubumbashi. Akaweka alama yake, akakunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni, na machozi yakamtoka bila aibu. Hapakuwa na askari akimchungulia mkononi.

Alipotoka alikuta foleni imebadilika. Ilikuwa ndefu vile vile, lakini shingo zote zilielekea ng'ambo, na watu walikuwa wanazungumza mdomo kwa sikio. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha kwaya. Nyuma yake mtu akasema kwa Kizulu, si kwa kunong'ona, kwamba sasa inajulikana huyo binti ataleta serikali ya nani. Wachache wakacheka. Wengine waliinamisha macho, na hao ndio waliomtisha mzee zaidi, kwa sababu aliwafahamu.

Kufikia saa sita mchana picha ilikuwa imefika katika kila simu ya wadi. Juu yake mtu alikuwa ameandika: Hawa ndio wapiga kura wake. Alasiri watu ambao hawakuwa na mpango wa kutoka katika baridi ile walianza kuja, vikundi kwa vikundi, na hawakumtazama mtu usoni.

Arlène alifika akitokea kituo kingine. Gari lake likasimama kwenye robot, taa za barabarani, na mzee aliona kupitia kioo jinsi alivyoiona ile buluu. Taa ikawa kijani, hakuondoka mpaka wa nyuma yake walipopiga honi. Alishuka, akavuka barabara, akawashukuru wanakwaya mmoja mmoja kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akamkumbatia Fauzia. Kisha akaja kwa baba yake, akamnyooshea kola ya koti kama mtu asiye na haraka.

"Papa, leo nilitaka niwe mtoto wa hapa. Siku moja tu."

Mzee akasema atawarudisha wote nyumbani sasa hivi.

"Wameshaonekana," Arlène akasema. "Wape chai kwanza. Baridi hii itawaua."

Akarudi getini kuwasalimia wapiga kura, na wengi walimpa mkono kama unavyompa mkono mfiwa.

Asubuhi yake matokeo yalibandikwa. Chama cha machungwa kilibaki na kiti. Arlène alikuwa amepungukiwa na kura za kujaza teksi tatu, vile vibasi vya abiria vya kwenda mjini. Teksi tatu tu. Mzee alikaa dukani bila kuwasha cherehani, akiwaza kwamba teksi tatu angeweza kuzijaza yeye mwenyewe kwa watu aliowaona wakija alasiri ile.

Gogo Thandeka alikuja siku ya pili kuchukua sketi yake. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alisema yeye alimpigia Arlène kura, kwa sababu ya dawa zake na ndoo zake. "Wanangu walikuwa wamelala," akasema. "Siku zote hulala siku ya kura. Ile picha ndiyo iliyowaamsha." Akaikunja sketi, akamgusa mzee mkono, akaenda.

Arlène hakumlaumu. Mzee alingoja alaumiwe Jumapili ya kwanza, akangoja ya pili. Alitamani binti yake apandishe sauti, atupe hata sahani, ili naye apate mahali pa kuomba radhi. Lakini Arlène alikuja kama kawaida, akala, akamsaidia mama yake vyombo, akasimulia habari za duka la dawa. Siku moja mzee alianza, "Mwanangu, lile jambo la kitenge..." naye akamkatiza kwa upole, "Sharp, Papa, yamepita," na lile neno la mtaani, jepesi, la kumalizia mazungumzo na mtu yeyote, likafunga mlango.

Na kitambaa kile kilikuwa kizuri, na hilo likawa kosa jingine la mzee. Hakichuji. Wanakwaya walikifanya sare yao ya kila Jumapili. Fauzia hukivaa akiwa anasuka, Pitchou hukivaa siku za mapumziko. Mzee hawezi kwenda kanisani wala dukani bila kukutana na wale ndege weupe wakipaa juu ya kifua cha mtu, na watu humsifu kwa mshono.

Wateja bado huketi wakimwomba awasimulie habari za madiwani. Huwasimulia jogoo wa Mreno, zambarau, machungwa. Akifika kwenye uchaguzi mdogo husema machungwa walibaki, kisha huuliza suruali ipunguzwe kiasi gani.

Mwezi uliopita Arlène alipita dukani na koti lake jeupe la kazini, mkono ulikuwa umefumuka. Alipokuwa akitafuta pa kulitundika alivuta pazia, akaliona gauni. Alilitazama ndani ya nailoni yake, begani, kiunoni, urefu. Hakuna mwanamke asiyevijua vipimo vyake.

"La nani hili?" aliuliza.

Mzee alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa.

"La mteja," alisema. "Bado hajaja kulichukua."

Arlène alirudisha pazia taratibu, akalisawazisha mikunjo, kisha akamuuliza baba yake koti litakuwa tayari lini.

"Ijumaa," akasema mzee, akainama juu ya cherehani.