Chai Iliyoachwa Itoe Maua

Tabby alikuwa na tabia iliyowachekesha majirani zake wa Kiptere. Akikupikia chai, hakuionja. Alikumiminia, akaketi pembeni na mikono mapajani, akausoma uso wako. Ukitabasamu, alijua chai ni tamu. Ukikunja uso, aliomba msamaha akarudi jikoni. Na si chai peke yake. Mbuzi wa kuuza, rangi ya mlango, hata kitambaa cha kujifunga akienda kanisani, vyote aliviulizia kwa watu: "Wewe unaonaje?" Marehemu mumewe, Muturi, alikuwa akimjibu yote, kwa upendo na bila kuchoka, mpaka mama wa watu akasahau kwamba naye ana macho.

Muturi alipofariki, alimwachia shamba la chai lililoteremka hadi kijitoni. Tabby alilitunza vizuri, isipokuwa kona ya chini, ile mistari michache iliyo karibu na maji. Mwaka wa msiba hakuwa na nguvu za kufika huko na kikapu. Mwaka uliofuata aliona aibu kufika. Na chai, ukiacha kuichuna na kuikata, haikungoji. Ilimpita kiuno, ikampita kichwa, ikawa miti hasa, kisha ikatoa maua.

Wanywaji wengi wa chai hawajawahi kuona ua lake, maana mkulima hodari haliachi lichanue. Chai yenye maua ni chai ya mvivu, ndivyo wanavyosema huku. Ukitaka kumtukana mtu bila kufungua mdomo, simama barabarani, litazame shamba lake, utikise kichwa.

Asubuhi moja Tabby alishuka kuteka maji, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Aliinama akapita chini ya ile miti, akasimama. Maua meupe madogo, yenye manjano ya kiini cha yai katikati, yalikuwa yakidondoka moja moja majini. Nyuki walivuma juu yake polepole. Aliweka mtungi chini akaketi. Ukungu uliingia, ukatoka, mashamba ya ng'ambo yakaonekana na kupotea tena, naye alijiona kama ameingia katika ndoto ya mtu mwingine, mtu mwenye furaha. Alikaa sana kabla ya kutambua kwamba furaha ile ilikuwa yake mwenyewe.

Tangu hapo alikuwa akishuka kila alipopata nafasi. Hakufanya lolote huko. Wakati mwingine aliimba kidogo, wakati mwingine alisinzia. Ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwa amemuuliza mtu.

Lakini shamba halifichiki. Bilhah, dada yake Muturi, mwenye duka la mabati na misumari pale sokoni, alipita ng'ambo siku moja akaiona ile miti. Alifika kwa Tabby akihema.

"Mama Kuria, ile ni nini? Shamba ya kaka yangu imekuwa forest? Na Jumamosi wamama wa chama wanakuja hapa!"

"Ni ile ya chini tu, wifi..."

"Watatucheka mpaka Mulot. Itakatwa. Nitakutumia Kipruto."

Hapo ugonjwa wa zamani ukamrudia Tabby. Alimpigia simu mwanawe Kuria, aliyeko Nakuru. "Mum, si ukate tu? Ni chai," Kuria alisema, akakata simu. Alimuuliza pasta, akaambiwa shamba safi ni ushuhuda mwema. Alimuuliza jirani yake Chepkurui, walipokuwa wakipeleka maziwa, naye Chepkurui akasimama katikati ya njia.

"Mimi sijui. Wewe mwenyewe unapenda aje?"

Tabby alicheka, akaanza habari za mvua. Swali lile lilimtisha kuliko kicheko cha wamama wote wa chama.

Ijumaa Kipruto akaja na msumeno wake. Alikuwa mtu mpole, aliyekata chai za watu wengi hapo mlimani.

"Mama, tuanze?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi ni mtu ya kukata. Ukiniuliza, nitasema kata. Lakini shamba ni yako."

"Basi kata," Tabby alisema, macho yake yakitazama nyumba.

Aliingia jikoni, akateleka sufuria. Akasikia msumeno, kisha ukanyamaza, kisha mti wa kwanza ukaanguka. Haukupiga kishindo. Ulilala tu kwa mchakacho mrefu wa majani. Tabby aliacha sufuria motoni, akatoka mbio, akateleza kwenye majani mabichi, kandambili moja ikabaki njiani.

"Acha!"

Sauti iligonga ng'ambo ikamrudia, na hakuitambua. Kipruto aliinua kichwa.

"Nani amesema tuache? Mama Bilhah?"

"Ni mimi."

"Akiniuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie Tabby amesema."

Kisha alipiga magoti kando ya ule mti ulioanguka, nyuki bado wakiutafuta hewani mahali ulipokuwa, akalia. Alikuwa ameutoa ukatwe kwa kuogopa kuchekwa, na sasa haungesimama tena.

Jumamosi wamama walifika. Bilhah alisimama juu ya mteremko, mikono kiunoni.

"Nani alikuambia uiache? Ni pasta?"

"Hapana."

"Ni Kuria?"

"Hapana, wifi. Naipenda."

Walicheka, tusidanganyane. Jecinta, mweka hazina wao, alicheka mpaka akamshika mwenzake bega. Tabby aliusikiliza ule mcheko aliouogopa miaka yote, akangoja umuue, ukapita. Akatandika mikeka chini ya miti, na kwa kuwa mvua ilikuwa imelowesha kila mahali pengine, wakaja wakaketi. Ukungu ulipanda kutoka kijitoni. Mmoja mmoja walipunguza sauti, hata Jecinta, na ua likaangukia kitambaa cha Bilhah naye asilipanguse.

Tabby alileta birika, akamimina vikombe vyote. Wamama wakavishika bila kunywa, wakamtazama, wakingoja aanze kuwasoma nyuso kama kawaida yake. Lakini alikuwa ameketi na kikombe chake mwenyewe mikononi, amefumba macho, anakunywa.

Bilhah alisubiri, akachoka kusubiri.

"Mama Kuria," aliuliza, "sukari imetosha?"

"Imetosha," Tabby alisema. "Ni tamu sana."