Laptop Isiyoachana na Ukuta

Wewe mzazi unayejiandaa kwenda dukani kumnunulia mtoto laptop ya bei kubwa, keti kwanza usikie yaliyompata Helen, fundi wa nguo wa Ndhiwa. Hakuna aliyemwibia wala aliyemdanganya. Aliuliza swali moja, akajibiwa ukweli mtupu, na bado akarudi nyumbani na kitu kisichomfaa.

Helen ameshona sare za shule kwa cherehani ya miguu miaka kumi na tisa. Watoto wake wawili wa kwanza walishaondoka, mmoja yuko Mombasa, mwingine ameolewa Kehancha. Aliyebaki ni Dorine, aliyesomea uchoraji wa majengo. Mwezi wa pili mwaka huu Dorine alipata kazi na ofisi moja ya Kisumu. Wanamtumia ramani ya nyumba, ile ya mistari tu, naye anaigeuza nyumba yenye mabati na milango na maua mlangoni, mpaka mwenye nyumba anatembezwa ndani kama kwenye video kabla msingi haujachimbwa. Walimwambia kazi hiyo anaweza kuifanyia popote. Neno hilo, popote, lilimfurahisha Helen kuliko mshahara. Popote ni pamoja na nyumbani. Alikuwa amechoka kusindikiza watoto stendi.

Laptop ya zamani ilikuwa inazima yenyewe. Helen akauza ng'ombe, akatoa na pesa yake ya chama. Siku ya kwenda Migori kununua mpya, Dorine akaamka na malaria, hawezi hata kukaa. Akamwandikia mama vitu vitatu kwenye kikaratasi: kadi nzuri ya picha, skrini kali, betri ya saa nane.

Mwenye duka, Abdurahman, alikisoma kikaratasi akatabasamu.

"Mama, huyu binti yako ameandika vitu vitatu visivyopendana."

"Kivipi?"

"Kadi kubwa ya picha, ile inayochora hayo majengo, inakula chaji. Skrini kali inakula chaji. Halafu anataka betri ya saa nane. Ni kama mtu kuoa wake wawili wakali halafu anataka nyumba tulivu."

"Na wewe unao wangapi?"

"Mmoja, mama. Ndio maana unaniona nauza nikicheka."

Akampangia tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, nyepesi, yenye kushinda na chaji siku nzima, lakini akasema ukiiwekea nyumba ya ghorofa itakwama. Ya pili ilikuwa ya katikati: kadi ndogo ya picha, skrini ya kawaida, saa saba hivi. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene kama Biblia ya madhabahuni, na skrini yake ni ya 4K. Akawasha ya pili na ya tatu, akaweka picha ile ile ya ndege kwenye zote mbili, akamwambia mama aangalie kwa karibu.

Helen akainama kama anavyoinama akikagua kitambaa. Kwenye ya pili aliona vinukta, kama vile unaona nyuzi za khaki. Kwenye ile nyeusi hakuona kitu, ni laini kama satini.

"Hii imefumwa kwa uzi mwembamba," akasema.

"Umeeleza kuliko mimi. Skrini ni hivyo tu. Nyuzi zikiwa nyingi kwa inchi moja, picha inatulia."

Helen akampigia Dorine amuulize achukue ipi. Simu haikupatikana. Ilikuwa imeisha chaji, na mgonjwa hakuweza kuamka kuichomeka kwenye sola. Basi ikabaki juu yake. Akaiwekea ile nyeusi mkono.

"Hii ina nguvu?"

Kosa lilianzia hapo, na si kosa la mtu mmoja. Kwetu huku, kitu cha betri kikiwa na nguvu maana yake kinadumu. Tochi ikimulika wiki nzima tunasema bado ina nguvu. Redio ikianza kukoroma tunasema imeisha nguvu. Helen aliuliza kama laptop itakaa na chaji. Lakini kwa Abdurahman, anayeuza mashine hizi kila siku, nguvu ni ile kazi ya kadi ya picha.

"Mama, humu ndani hakuna yenye nguvu kuishinda."

"Haitamwacha katikati ya kazi?"

"Kazi yake ndiyo imetengenezewa. Anafanyia wapi?"

"Nyumbani."

"Basi umemaliza. Ya kukaa nyumbani, betri isikupe presha."

Helen akalisikia hilo kama ahadi. Abdurahman anakaa ghorofani juu ya duka lake, na kwake nyumbani ni mahali ambapo kila ukuta una soketi. Kwa Helen nyumbani ni taa tatu za sola na soketi moja ya kuchajia simu, jua likiwa limetoka. Waya wa stima unaishia sokoni, kilomita mbili kutoka mlangoni kwake.

Chaja ikaletwa. Helen akaipima kwa mkono.

"Mbona nzito kama tofali?"

"Mashine kubwa, mama, chakula chake pia ni kikubwa."

Akaona ni sawa, kama mtoto anayekula vizuri. Mzazi mwenzangu, ukipewa chaja nzito kama tofali, simama hapo hapo ujiulize nani atailisha.

Jioni Dorine alitoka kitandani akiwa bado anatetemeka, akaifungua. Uso wake ulibadilika. Akaweka nyumba aliyokuwa anaihangaikia wiki mbili, nayo ikazunguka polepole, paa, veranda, mpaka kivuli cha mti ukutani. Feni ya laptop ikaanza kuvuma. Helen alikaa kando akiangalia, na kwa mara ya kwanza mwaka huo mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Hazikupita dakika hamsini, alama nyekundu ikatokea. Dorine akachomeka chaja kwenye kisanduku cha sola. Kisanduku kikalia, taa zote tatu zikazima.

Mama akauliza, "Ni mbaya?"

"Iko sawa, mama. Ni nzuri sana."

Alisema hivyo akikunja waya, bila kumwangalia. Alipopona akaanza kuondoka kila asubuhi na begi mgongoni. Alisema anaenda sokoni kwenye mtandao mzuri. Helen hakuuliza zaidi. Alikuwa na sare za shule mbili za kumaliza.

Wiki ya tatu, Mama Tony, jirani yao, alikuja kupimwa sketi. Akanyoosha mikono, Helen akamzungushia futi kiunoni.

"Mama Dorine, siku hizi mkwe wako ni kinyozi na hutuambii?"

"Mkwe gani?"

"Mimi sijui. Mimi naona tu mtoto anaingia kwa Cliff asubuhi, anatoka jioni. Na sijaona nywele za kunyolewa kila siku."

Helen akaandika kipimo, na aliandika vibaya, sketi ilikuja kufumuliwa ishonwe upya. Mama Tony alipoondoka akajifunga leso akaenda sokoni kwa miguu. Njia nzima alikuwa anahesabu umri wa Dorine, na alichokuwa anafanya yeye mwenyewe alipokuwa na umri huo.

Kwa Cliff alikuta hivi. Dorine ameketi kwenye stuli pembeni, laptop iko kwenye rafu kati ya chupa ya spiriti na poda. Ile chaja iko sakafuni, moto, paka angeweza kulalia. Kwenye kiti cha kunyolewa ameketi Bichage, mwenye duka la mabati, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Cliff mwenyewe amekunja mikono, mashine ya kunyolea imezimwa.

"Kuna nini hapa?" Helen akauliza.

"Tunangoja paa, mama," Cliff akasema. "Hii nyumba ikipikwa kwa laptop, yaani ile mistari ikigeuzwa video, mimi nikiwasha mashine yangu na hita ya maji, swichi inaruka tunapoteza zote."

Bichage akageuka na nusu kichwa chake. "Mwambie binti aharakishe. Nina matanga kule Rodi Kopany saa nane, na siwezi kuzika mtu nikiwa hivi."

"Dakika sita, baba," Dorine akasema, macho kwenye skrini.

"Alisema sita pia wakati nilikuwa na nywele zote."

Zile sita zilipoisha, Helen akamwita mtoto nje. Wakasimama nyuma ya kibanda, na mashine ya Cliff ikaanza kulia ndani.

"Huyu Cliff ni nani kwako?"

"Ni soketi, mama."

Helen angecheka kama angekuwa na nguvu za kucheka.

"Nikiitoa kwa ukuta, saa moja haifiki," Dorine akasema. "Na hata hiyo saa moja, ikishajua iko kwa betri inajipunguza yenyewe. Nyumba inazunguka kama imelewa."

"Na skrini?"

"Herufi ni ndogo sana, nimezikuza mara mbili ndio nisome. Zile nukta zote sizitumii, mama. Lakini zinakula chaji tu."

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Uliuza ng'ombe."

Helen akamwambia vile aliuliza kama ina nguvu, na vile alijibiwa. Dorine akafunga macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Kuna ingine," akasema. "Ofisi wanataka nionekane hewani mpaka saa mbili usiku. Cliff anafunga saa kumi na mbili. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Risper niliyesoma naye amepanga chumba Homa Bay, stima yake haisumbui, na kuna kingine kitupu kando yake. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Nyara," Helen akasema, binti yangu kwa Kijaluo, na hakumalizia. Alikuwa amenunua ile laptop ili mtoto akae. Sasa ndiyo inamfungasha.

Jumatatu wakaenda Migori wawili. Helen hakwenda kugombana, hakuwa na pumzi ya kugombana. Alitaka ile ya pili, ya saa saba. Ikichajiwa kwa Cliff asubuhi, Dorine angerudi kushinda nayo nyumbani.

Abdurahman aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ningepaswa kukuuliza kama una stima. Sikukuuliza," akasema.

"Na mimi nilidhani nimekuuliza kama inadumu."

"Basi tumepoteana wote. Sitakukatalia, mama. Ijaribu kwanza hii ya katikati."

Dorine akachomeka flashi yake. Akapika kipande kifupi cha ile nyumba kwenye nyeusi, dakika tatu. Akakipika kwenye ya katikati. Abdurahman akauza chaja ya simu, akauza earphone, akarudi, bado. Dakika kumi na tisa. Na Dorine alipojaribu kuizungusha nyumba kwa kidole, iliruka ruka kama gari kwenye mashimo.

"Nitaizoea," Dorine akasema.

Helen aliijua sauti hiyo. Ndiyo ile ya iko sawa, mama. Akavuta kiti cha plastiki akakaa, miguu ilikuwa inamuuma tangu asubuhi. Mbele yake kulikuwa na mashine ambayo ingemwachia mtoto nyumbani. Angenyamaza tu, Dorine angeichukua na asingelalamika hata siku moja. Angekaa pale kwenye meza karibu na cherehani, akingoja dakika kumi na tisa mara kumi kwa siku, mpaka ile ofisi itafute mwingine.

"Kama mimi ningekuwa sijaja leo," Helen akauliza, "ungechukua gani?"

Dorine akatazama kioo cha meza. "Kadi kama ya hii nyeusi. Skrini ya kawaida."

"Iko?"

Abdurahman akaenda nyuma, akarudi na boksi. "Kadi ni ile ile. Skrini haina nyuzi nyingi. Betri nikikudanganya utarudi tena, mama. Kazi nyepesi, masaa mawili na nusu. Ukipika nyumba, lazima ukuta."

"Kwa hiyo kwetu haiwezi."

"Kwenu haiwezi."

Dorine akamgusa mkono. "Mama, tuchukue ya katikati. Kweli."

"Nyamaza kwanza." Helen akaisukuma ile ya katikati upande wa Abdurahman, taratibu, isije ikakwaruza kioo. "Tupe hiyo ya boksi. Tunabadilishana moja kwa moja, hakuna kuongeza."

"Hakuna kuongeza," Abdurahman akakubali, akaanza kuhamisha mambo ya Dorine kutoka moja hadi nyingine. Ilichukua muda. Akawaletea chai. Helen akaishika bila kuinywa.

"Nitakuja kila Jumamosi," Dorine akasema.

"Utakuja ukiweza."

Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye mkokoteni juu ya nani apite kwanza, na wote wawili hawakuwa wanapita.

"Hicho chumba cha Homa Bay," Helen akasema, "dirisha lake ni la upana gani?"

"Dirisha? Sijui." Dorine akapanua mikono, akaipunguza, akaipanua tena.

"Hicho si kipimo. Mpigie Risper achukue futi apime, upana na urefu, na aniambie jua linaingilia upande gani."