Kitanda Kisichopimwa

Mtoto alijilaza chini, akanyoosha miguu, akabana mikono ubavuni, akafumba macho. Valter akabaki na kamba yake hewani. Alikuwa amemwambia asimame apimwe urefu, basi. Wala hakumwambia alale. Kisha akaelewa, na kuelewa kule kukampanda mwilini kama homa: huko alikotoka binti huyu, anayepimwa kwa kamba ni maiti.

"Inuka, mjukuu wangu," alisema. "Inuka. Mimi natengeneza vitanda."

Sumaia akafumbua jicho moja. "Vya walio hai?"

"Vya walio hai."

Akaitupa ile kamba kwenye maranda, na hakuigusa tena siku ile.

Vitanda ndiyo kazi yake pale njia panda ya Awasse: matendegu ya mti mgumu, mifumbati ya ubavuni iliyonyooka, na kamba ya kumbi iliyowambwa ikakaza. Zamani kuwamba ilikuwa kazi yake na mkewe, Ana. Mmoja anavuta, mwingine anashikilia. Ana alifia porini walipokuwa wakikimbia vita, kwa homa ambayo vidonge vichache vingeizima. Zahanati ilikuwa imefungwa. Wakubwa walikuwa wameshatangulia na magari yao. Tangu hapo Valter alikuwa akipigilia mbao tupu badala ya kuwamba, na aliyelalamika kuwa mbao zinaumiza mgongo aliambiwa akailalamikie serikali.

Kitanda hiki kiliagizwa na Amélia, katekista wa kanisani kwao. Nyumba ya Amélia ilikuwa imejaa watoto ambao ndugu zao walipotelea vitani, na kila Jumapili aliwasihi Wakristo wenzake wafungue milango. Familia moja ilikuwa imekubali kumchukua Sumaia, ila ikasema haina kitanda.

"Wenye nchi wanagawana gesi huko Palma," Valter alimwambia, "sisi tunagawiwa watoto."

"Hugawiwi wewe. Unaombwa kitanda."

"Na huyo ni Mwislamu. Mtamgeuza?"

"Ana dini yake, ana jina la baba yake. Ijumaa jirani yangu Bi Zubeida atamchukua waende msikitini. Sisi tunampa paa. Mbona Yusufu, seremala mwenzako, alilea mtoto asiyemzaa?"

"Yusufu aliota ndoto akaambiwa na malaika. Mimi naota moto tu."

Amélia akacheka, na Valter, kwa hasira ya kukaribia kucheka naye, akaokota randa.

Kwa kuwa hakumpima mtoto, alikata mifumbati ya urefu wa mtu mzima. Na kwa kuwa mtoto hawezi kulalia ubao, ilimbidi awambe. Sumaia akawa anakuja kushika kamba. Alishika vizuri, lakini mdomo wake haukushikika.

"Babu, kwa nini mti huu unanuka pilipili?"

"Muulize mti."

"Nimeuliza. Umesema nikuulize wewe."

Kila mshazari wa kamba ulipokaza, aliudonoa kwa kidole, kisha akatega sikio. Valter alijifanya haoni. Siku iliyofuata alijifanya tena. Siku nyingine akashindwa. Mwenye kiu hajifichi kisimani.

"Unasikiliza nini humo?"

"Kama imekaza. Iliyolegea hainyamazi, inaguna. Kama wewe."

Jioni ile, alipobaki peke yake, Valter aliinama akaidonoa kamba, akatega sikio. Akatazama huku na huku asije akaonekana.

Kitanda kilipokwisha, Amélia alikuja mikono mitupu, uso umemshuka.

"Wamekataa. Wamesikia aliishi porini na wale wapiganaji. Wanasema mtoto wa porini, hata akiwa kwako, moyoni hulala nao, huamka nao."

Valter alisimama na nyundo. "Nani kawaambia? Chefe wa kijiji? Au hao wa mjini na makaratasi yao?"

"Hakuna aliyewaambia. Ni uamuzi wao."

Akazitafuta lawama zake alikozoea kuzikuta, hazikuwapo. Waliomkataa mtoto walikuwa wakiimba kwaya pamoja na Valter. Pasaka walikula naye sahani moja. Na yeye je, mbona tangazo lile la Jumapili alilisikia kama mvua inayonyeshea shamba la jirani?

"Mgane hapewi?" aliuliza, akitazama pembeni.

"Mwanamume peke yake, binti mdogo? Wewe mwenyewe ungekubali?"

"Nisingekubali."

Ng'ambo ya ua aliishi dada yake, Vitória. Hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya Ana, Vitória aliposema mbele za watu kwamba Valter angekubali kuondoka mapema, mkewe angekuwa hai. Valter aliamini kwamba maneno yale dada yake aliambiwa na wakubwa wa kijiji. Hakuwahi kumuuliza.

Akajitwika kitanda kichwani. Sumaia akafuata, ameshika tendegu la nyuma kana kwamba ndiye abebaye.

"Hodi."

Kisha Vitória akatokea, unga mikononi. Akamtazama ndugu yake, akamtazama mtoto, akakitazama kitanda tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hiki umemtengenezea mtoto au askari?"

"Atakua, dada." Akakitua chini. "Chakula chake nitaleta mimi. Kuni pia. Ila lazima alale kwako. Nimekuja kukuomba."

Neno hilo la mwisho lilitoka kama msumari uliopinda. Vitória akajifuta unga, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Mlango wangu mwembamba," alisema.

"Tukilaze ubavu, bibi," Sumaia akadakia. "Tendegu moja litangulie."

Wakakilaza. Kikaingia nusu, kikanasa. Vitória akavuta akiwa ndani, Valter akasukuma akiwa nje, na mtoto, aliyebaki katikati, akaidonoa kamba na kutega sikio. Kitanda kikapenya ghafla. Vitória akapiga kelele, kisha kikasikika kitu kama kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

"Valter," akaita, kwa sauti ya mtu anayejifanya hajali. "Huyu analala kichwa upande gani? Dirishani au mlangoni?"

Valter hakujua. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akangoja aambiwe.